Wajane wa Kulmiye

Maua,
9 Machi 1966

Dada Isnino,

Habari ya huko, na pole kwa msiba. Najua hukutarajia barua yangu, na pengine hukuitaka. Lakini mume aliyekufa ni wetu sote wawili, na kuna mambo ambayo hayawezi kungoja mpaka tupendane.

Habari ya kifo niliipata sokoni. Ndugu yangu Kiogora, huyu anayeleta miraa Isiolo, alirudi akanishika mkono mbele ya watu, akaniambia lori la Kulmiye limekutwa kando ya njia ya Merti, yeye na dereva wake Duale wamepigwa risasi, na wote wawili wameshazikwa. Kwenu hakuna aliyeniletea neno. Nilipanda gari nikaja na mtoto mgongoni. Wanawake waliokaa mlangoni pako wakaniambia nyumba imejaa. Nilisimama uani mpaka askari wakapita wakitangaza kafyu, nikaenda kulala juu ya magunia ya Kiogora. Hayo nayaacha.

Ninalotaka kusema ni hili. Lori liko yadi ya polisi. Kiogora aliuliza, akaambiwa halitoki mpaka korti iandike nani ndiye msimamizi wa mali ya marehemu. Nyumba ya mtaa wa Kiwanjani nayo ina jina la Kulmiye. Kuna binti zako, Istar na Ebla. Kuna mwanangu Abdi, ambaye ni damu ya Kulmiye kama wao. Tunahitaji wakili anayejua kesi za mirathi. Isiolo hakuna hata mmoja, na wewe, kwa hali hii ya hatari, huwezi kutoka bila kibali. Mimi naweza kwenda Meru, hata Nanyuki. Naomba tuchukue wakili mmoja, tusije tukavuana nguo mbele ya wageni.

Mke mwenzako,
Gatakaa

*

Isiolo,
16 Machi 1966

Kwa Gatakaa,

Umeniita dada. Mama yangu alizaa wasichana watatu, na wewe sikukuona kati yao.

Umeanza na "habari". Mwislamu akiandika kwa nyumba ya msiba anaanza na salaam. Huyo Kiogora wako mwenyewe anasema hapa sokoni kwamba Jumapili hukosi kanisani. Basi huyo mke wa Kulmiye unayeniambia ni nani? Kulmiye alikuja huko kwenu kununua miraa. Kama kuna kitu kingine alichonunua, mimi sikuwepo kwenye mizani.

Siku uliyosimama uani mimi nilikuwa ndani, nimevaa nguo nyeupe za eda, sijui nani ameingia wala nani ametoka. Lakini usijidanganye. Hata ningejua ni wewe, nisingeinuka.

Unanikumbusha kwamba nimefungiwa. Asante, nilikuwa najua. Baba yangu alipigana Burma, akarudi na nishani na mguu mbovu, na leo binti yake akitaka kwenda Nanyuki lazima aombe ruhusa kwa askari ambaye hata hajaota ndevu. Sihitaji mtu wa Maua kunieleza mipaka yangu.

Mambo ya lori na nyumba yako mikononi mwa Shuriye, ndugu yake marehemu. Ni mwanamume, na siku hizi anakaa na wakubwa. Atatafuta wakili. Wewe lea mtoto wako.

Isnino, mke wa Kulmiye

*

Maua,
7 Aprili 1966

Isnino,

Salaam aleikum. Umeipata, sasa tuendelee.

Nilienda Meru. Nilivaa viatu vya ngozi alivyoninunulia Kulmiye nikapanda ngazi mpaka ofisi ya wakili mmoja niliyeambiwa ni mzuri. Karani wake akafungua faili jipya.

"Jina la marehemu?"

"Kulmiye."

Akaweka kalamu chini. "Amefia wapi?"

"Njia ya Merti."

"Mama, wewe ni mke wa shifta?"

Nikamwambia mimi ni mke wa mwenye lori, na kama kila Msomali mwenye lori ni shifta, mwasi wa porini, basi hata sukari anayotia kwenye chai yake imeletwa na shifta. Wakili hakutoka. Nilisikia sauti yake kupitia mlango uliokuwa wazi: "Mwambie kesi za huko kaskazini hatuchukui." Nilirudi na viatu mkononi, maana vinabana.

Kwa hiyo usifikiri wewe peke yako ndiye unayetukanwa kwa sababu ya huyu mume.

Na sasa nikujibu. Niliolewa sebuleni kwako. Nilitamka shahada mbele ya sheikh, nikapewa jina la Halima. Sheikh amefariki. Mashahidi walikuwa wawili, Duale na Shuriye. Duale amekufa pamoja na Kulmiye. Shuriye yuko hai, na wewe uko hai. Ulikuwa jikoni nyuma ya pazia. Nyama ya harusi yangu uliipika wewe, na mimi niliila. Sasa unaniuliza mimi ni nani?

Ni kweli naenda kanisani. Tangu hali ya hatari ianze, Kulmiye aliona ni salama nikae kwa mama, na mama yangu hampi mtu chakula cha Jumapili kabla ya ibada. Hilo ni langu na Mungu. Wewe humo.

Nitaenda Nanyuki. Ukitaka jina lako liwemo kwenye kesi, niambie. Usipotaka, Abdi atakwenda kortini na mama yake.

Gatakaa

*

Isiolo,
2 Mei 1966

Kwa Gatakaa, Maua.

Mimi Isnino sijui ndoa yoyote kati ya marehemu Kulmiye na wewe. Sikuona wala sikusikia. Mtoto unayemtaja simjui. Mkuu wa familia ni Shuriye na wakili wa familia ni yule aliyemchagua yeye. Ukiendelea kusumbua familia hii, hatua zitachukuliwa.

Usiandike tena. Maneno yako yamenichosha, na sauti yako ilinichosha zamani.

Isnino

*

Maua,
30 Mei 1966

Isnino,

Umeniambia nisiandike, kwa hiyo naandika, na nampa Kiogora akuletee mkononi ili usije ukasema ilipotea.

Nanyuki nilipata wakili aliyenikaribisha vizuri mno. Alinipa kiti na soda. Akaniuliza kila kitu: niliolewa lini, na nani, mashahidi ni nani, cheti kiko wapi. Nilimwaga yote kama mjinga. Alipotoka kidogo kuongea na karani niliona faili mezani, limeandikwa jina la Kulmiye. Nikaligeuza. Warithi walioandikwa ni mjane mmoja, binti wawili, na ndugu mmoja wa marehemu. Aliyeleta maombi ni Shuriye. Yule ndiye wakili wenu wa familia, na soda aliyonipa ilikuwa ya kuninyamazisha wakati ananikamua maneno.

Aliporudi nikamwambia, "Bwana, umeacha jina la mtoto wa kiume." Akasema, "Mama, mtoto wa kiume unaye wewe, marehemu hana."

Jana Kiogora ameleta habari nyingine, kwamba Shuriye anakuoa. Kwamba amekwisha kuleta sanduku lake nyumbani. Sasa ndiyo naelewa barua yako ya Mei. Mwanamume hajaoza kaburini, na wewe umeshampa ndugu yake kitanda, na mnataka mtoto wangu afutwe ili mgawane vizuri. Nilikuogopa miaka yote hii, Isnino. Kila nikiingia nyumba ile nilikuwa najikunja kama mgeni, nikifikiri wewe ni mke mkubwa kweli, mwenye heshima ambayo mimi sitaifikia. Kumbe.

Sitaandika tena dada wala jina lingine. Tutaonana kortini.

Gatakaa

*

Isiolo,
28 Juni 1966

Gatakaa,

Barua hii inakuja kwa mkono wa Kiogora. Usinijibu kwa posta. Barua za posta zinapita kwa Shuriye kwanza. Ile ya Mei niliiandika yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Usifurahi. Nusu ya maneno alinipa yeye. Ile nusu nyingine ilikuwa yangu, na niliiandika kwa raha.

Umeniita malaya kwa maneno ya mzunguko. Ungeandika wazi tu, hapa hatuogopi neno.

Sasa soma. Kwetu kuna dumaal. Mwanamume akifa, ndugu yake humchukua mjane ili watoto wasilelewe na watu baki. Kuna wajane waliokubali na wakashukuru. Lakini mjane lazima akubali kwa kinywa chake, na mimi sikukubali. Hata eda haikuwa imekwisha, Shuriye alikuja na sanduku lake akaliweka chumbani kwa Kulmiye. Nikamwambia, "Shemeji, nimechoka kuolewa." Akacheka. Akasema, "Hujaulizwa kama umechoka."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Nikikataa, ataenda kwa wakubwa aseme Kulmiye alikuwa anapeleka unga porini, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nashona magunia. Wewe huko Maua hujui neno kama hilo linafanya nini hapa. Kuna nyumba mtaa huu hazina watu kwa sababu ya neno dogo kuliko hilo. Istar na Ebla sasa wanalala chumbani kwangu, na kitanda tumekisukuma mpaka mlangoni.

Jirani yangu Kabale, yule Mborana, anasema niondoke. Niende wapi? Kila barabara ina kizuizi.

Sikuombi huruma. Ukinionea huruma nitaitema. Nataka uniulizie jambo moja kwa wakili, kama umepata anayejua kazi yake. Kwa sheria yetu ya Kiislamu, marehemu akiwa na mtoto wa kiume, ndugu yake anapata nini? Muulize hivyo tu. Uniandikie alivyojibu, usiongeze chako.

Isnino

*

Maua,
20 Julai 1966

Isnino,

Salaam aleikum.

Nimempata. Yuko Nyeri, anaitwa Noronha, Mgoa mzee mwenye pumu. Aliniacha nimalize bila kunikatiza, kisha akaniuliza mara mbili kama nimeshaongea na wakili mwingine. Nilipomtajia yule wa Nanyuki alikunja uso akasema, "Basi tumechelewa, lakini si sana."

Nikamuuliza swali lako.

"Mtoto wa kiume akiwepo, na akiwa wa ndoa halali," akasema, "ndugu wa marehemu hapati kitu. Hata kijiko."

"Na asipokuwepo?"

"Mjane anachukua sehemu yake, binti wanachukua theluthi mbili, na ndugu anachukua kinachobaki. Kidogo hicho kinamtosha kuingia ndani ya nyumba, na akishaingia, nani atamtoa?"

Ndipo nikaona kwamba swali hili hukuliuliza kwa bahati. Wewe ulijua jibu kabla ya wakili. Ulitaka kuhakikisha.

Wakili anasema kesi yote imesimama juu ya ndoa yangu. Shuriye hatakubali kwamba alishuhudia. Cheti sina, sheikh alisema ataniandikia na hakuandika. Amebaki mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Ni wewe. Noronha yuko tayari kuja Isiolo na konvoi ya jeshi, uape mbele ya hakimu hapo hapo, usihitaji kibali cha kutoka.

Lakini amenilazimisha nikuandikie jambo hili, na mimi ningeliandika hata asingenilazimisha, maana sitaki uje useme nilikuficha. Ukiapa, binti zako watapunguziwa. Abdi atachukua sawa na wao wawili pamoja. Ile thumni ya mjane, sehemu moja ya nane, tutagawana mimi na wewe. Ukinyamaza, wewe na binti zako mnapata zaidi, lakini mtaishi na Shuriye. Hesabu hiyo ni yako, mimi siwezi kukufanyia.

Na yale niliyoandika Mei, kuhusu kitanda, nilikosea. Mengine yote nilimaanisha.

Gatakaa

*

Isiolo,
3 Oktoba 1966

Gatakaa,

Nimechelewa kuandika, na sababu utaisoma.

Wakili wako alikuja mwanzo wa Agosti. Alishuka kwenye lori la wanajeshi amejaa vumbi jeupe, anakohoa, nikafikiri huyu atakufa kabla sijaapa. Lakini alipoingia kwa hakimu alinyooka. Shuriye alikuwa amekaa mbele, amevaa koti. Shati la ndani lilikuwa la Kulmiye.

Hakimu akaniuliza, "Uliona ndoa hiyo kwa macho yako?"

Nikasema, "Nilisikia kwa masikio. Pazia si ukuta. Sheikh aliuliza, mwanamke akatamka shahada, akaitwa Halima. Kulmiye akaulizwa, akajibu. Duale akasema ameshuhudia, na huyu Shuriye akasema ameshuhudia. Kisha wakagonga sahani, nikawapelekea chakula."

"Miaka mitano imepita, mama. Unakumbukaje yote hayo?"

"Bwana hakimu," nikasema, "wewe umewahi kupika karamu ya harusi ya mume wako?"

Karani alicheka, hakimu akapiga meza. Akauliza kama wewe unaswali. Nikamwambia mimi sikai nikichungulia msala wa mtu. Akauliza kwa nini sikusema haya tangu mwanzo. Nikasema, "Walioniuliza ni watu ambao sikutaka kuwajibu." Hapo Noronha akasimama haraka akasema hilo linatosha, akaniomba nitie sahihi.

Shuriye alinifuata mpaka nje.

"Umewanyima binti zako ili umpe mtoto wa Mmeru!"

"Nimekunyima wewe," nikamwambia. "Njoo uchukue sanduku lako."

Alilichukua. Kisha akaenda kusema yale aliyoahidi kusema.

Wakaja asubuhi, wengi. Walitoboa magunia ya unga, walipasua godoro, walichimba pale tunapotupa majivu. Hawakupata kitu, lakini walinichukua. Kabale aliwashika binti zangu mkono akawapeleka kwake kabla mtu hajauliza wao ni wa nani. Nilikokaa, na nilichoulizwa, na jinsi nilivyoulizwa, sikuandikii. Nilirudi nyumbani nimevaa viatu vya mtu mwingine. Mkono wa kulia sasa unaweza kushika kalamu, ndiyo maana unapata barua hii leo na si mwezi jana.

Waliniachilia kwa sababu yule mzee wa Nyeri aliandika barua kwa kila mwenye cheo aliyemjua, na mwisho alikuja mwenyewe akakaa kwenye benchi la stesheni, anakohoa, akikataa kuondoka. Sikumwomba. Kama ni wewe uliyemtuma, sijauliza na sitaki kujua.

Sikuapa kwa ajili yako. Nimeandika hilo ili lisipotee. Na usiniandikie pole.

Isnino

*

Maua,
2 Desemba 1966

Isnino,

Salaam aleikum. Umenikataza pole, nimetii. Lakini niliikunja ile barua yako nikaenda kukaa shambani, na mama alipokuja kuniita nile, sikula.

Korti imeandika. Ndoa imekubaliwa, Abdi ameandikwa mwana wa marehemu, na ombi la Shuriye limetupwa. Msimamizi wa mali si wewe na si mimi, ni sisi wawili pamoja. Noronha anasema hakuna kitakachouzwa, kukodishwa wala kutengenezwa bila sahihi mbili. Nilimwambia, "Bwana wakili, hujatusaidia, umetufunga kamba moja." Akasema ndivyo sheria inavyowaweka watu wasioaminiana.

Shuriye alikuja hapa. Alikuja na mguu wa mbuzi na maneno matamu. Anasema wewe utaniibia taratibu mpaka nisijue lini niliibiwa, na kwamba nikimwandikia yeye lori, atanisaidia nipate nyumba. Nilimwacha aongee mpaka akamaliza, kisha nikamwambia nyama aipeleke stesheni ya polisi, ana marafiki huko. Usidhani nilikutetea. Shati lile la Kulmiye alikuja nalo hapa pia.

Sasa kuhusu nyumba. Nataka tuuze. Mimi sikai Isiolo, Abdi hawezi kula mabati, na pesa ya sehemu yetu itanunua shamba hapa kabla bei haijapanda. Wewe utapata sehemu yako, utafute pengine padogo. Najua utakataa. Nakuomba ukatae kwa sababu, usikatae kwa kuwa ni mimi nimesema.

Lori tunaweza kulichukua Januari. Lazima tusimame pale wote wawili. Nitakuja na Kiogora.

Gatakaa

*

Isiolo,
26 Januari 1967

Gatakaa,

Nimekaa siku kadhaa kabla ya kuandika, maana siku ya yadi nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua naielekeza wapi.

Askari alipouliza, "Mjane ni yupi?" tulijibu pamoja, akatuangalia kama watu wanaomchezea. Akasema anataka mmoja. Wewe ukamwekea karatasi ya korti mezani, ukamwambia asome mwenyewe. Ulifanya vizuri. Mimi ningemtukana na lori lingelala pale mwaka mwingine.

Kisha wakafungua geti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matundu ya risasi na kioo. Nilijiambia nitaangalia magurudumu, nitaangalia injini na Lokwang, dereva niliyemtafuta, tutaondoka. Lakini wewe ulifungua mlango, ukapanda ukakaa upande wa Kulmiye, pale ambapo kiti kimebonyea, ukaanza kulia. Hukulia kwa adabu. Ulilia mpaka askari wa geti akavua kofia. Kiogora alitaka kukushusha, nikamwambia akuache.

Unajua kwa nini nilikukasirikia? Kwa sababu ulikuwa unamlilia mtu ninayemjua. Ulisema kitu kuhusu anavyopiga miluzi akikosea njia. Nilidhani hilo ni langu peke yangu. Mpaka siku ile, Gatakaa, nilikuwa na hakika kwamba wewe ulikuwa unalilia lori.

Sasa najua si hivyo, na kujua hakujanifanya nikupende. Kumenichosha tu. Mtu ukiwa na adui unataka awe mwongo.

Nyumba haiuzwi. Umesema nikatae kwa sababu, basi chukua sababu. Nikitoka kwenye nyumba hii sasa, kila mtu wa mtaa huu atasema nilifukuzwa kwa sababu yale maneno ya Shuriye yalikuwa kweli. Binti zangu wataolewa na sifa hiyo. Nitakaa hapa mpaka watu wachoke kunitazama. Chumba cha mbele, kile cha barabarani, nimempa mshona nguo apange, na kodi yake yote ni ya Abdi. Nimeandika karatasi na nimeweka sahihi yangu. Weka yako. Kama shamba linakuuma, mwambie mzee wa Nyeri, atasema kama mimi.

Shuriye amehamia Nanyuki. Anasema ni biashara.

Abdi afundishwe kusoma Kurani. Sikuombi, nakwambia. Korti imemwandika mwana wa Kulmiye, basi ajue baba yake alivyokuwa akiswali. Dada zake wakifunga shule, aje hapa kwao. Ebla anauliza kila siku sura yake ikoje na mimi sikumwangalia vizuri pale yadini, maana ulikuwa umemficha kwenye kanga. Aje na nguo za kutosha. Wewe huna haja ya kumleta, Kiogora anaijua njia.

Lori litaanza kazi wiki ijayo, miraa kutoka kwenu na ngozi kutoka huku, mpaka hapo barabara ya Merti itakapofunguliwa, kama itafunguliwa. Lokwang atafika Maua kila Alhamisi. Mpe chai, ni mtu mzuri, lakini usimpe maneno ya kuniletea, maana anayachanganya njiani. Ukiwa na neno na mimi, liandike mwenyewe.

Isnino